Mia nne au elfu tano: waliosikiliza piano ya Stalag VIII-A

Watu wangapi walikuwa ndani ya banda namba 27 jioni ile? Olivier Messiaen, ambaye ndiye aliyetunga muziki na ndiye aliyepiga piano, alisimulia baada ya vita kwamba walikuwa elfu tano. Étienne Pasquier, aliyekaa hatua chache tu kutoka kwake akipiga selo, alisema ni kama mia nne. Tarehe wanakubaliana: 15 Januari 1941. Mahali wanakubaliana: Stalag VIII-A, kambi ya mateka wa vita kando ya mji wa Görlitz, Ujerumani, kwenye ng'ambo ya mto Neisse ambayo leo ni nchi ya Poland na inaitwa Zgorzelec. Kwamba kulikuwa na theluji na baridi kali, wanakubaliana. Ila watu! Hesabu moja ni zaidi ya mara kumi ya nyingine.

Siye tunaoishi kambini tunaijua shida ya hesabu. Tumehesabiwa kwa kadi, kwa vidole, kwa macho, kwa kupangwa foleni toka alfajiri. Tunajua kwamba namba inayoandikwa siyo kila mara idadi ya watu waliopo, na kwamba anayeandika ana sababu zake. Ndiyo maana niliposoma habari za tamasha hili, jambo la kwanza lililonikamata halikuwa muziki. Ni hilo pengo la watu elfu nne na mia sita.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Kambi yetu na Stalag si kitu kimoja, na sipendi mtindo wa kulinganisha kila waya na waya wa Hitler. Hata ndani ya Stalag VIII-A yenyewe mateka hawakuwa sawa. Wafaransa na Wabelgiji walikuwa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1929: walipata barua, vifurushi, maktaba, michezo ya kuigiza. Mateka wa Kisovieti walioletwa baadaye mwaka huohuo wa 1941 hawakupewa kinga hiyo. Wajerumani walitoa kisingizio kwamba nchi yao haikusaini, wakawaacha wafe kwa njaa na magonjwa. Kwa hiyo hadithi ninayoisimulia ni ya watu waliokuwa na njaa, ndiyo, lakini walikuwa na bahati ndani ya bahati mbaya. Msomaji wa hapa anaelewa ninachosema. Hata kwetu kuna bloku na bloku.

Messiaen alikuwa nani? Mfaransa, alizaliwa Avignon mwaka 1908. Akiwa kijana wa miaka 22 alipewa kinanda cha kanisa la La Trinité mjini Paris, na alikaa kwenye kinanda hicho hadi uzee. Mkatoliki wa kweli, si wa Jumapili tu. Aliona rangi aliposikia sauti: kodi fulani kwake ilikuwa ya zambarau, nyingine ya bluu na dhahabu. (Kodi ninayosema hapa ni ile wapiga kinanda wetu wa kanisani wanayoijua, noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja. Si ile ya serikali.) Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo jeshini walimpa kazi ya kusaidia wagonjwa badala ya bunduki. Pasquier, aliyekuwa koplo wake kule Verdun, alikumbuka kwamba Messiaen alipenda zamu ya alfajiri kwa sababu ya ndege. Wenzake wanaogopa Wajerumani, yeye anasikiliza ni ndege gani anaanza kuimba.

Walikamatwa mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka. Pamoja nao alikuwako Henri Akoka, mpiga klarineti, Myahudi aliyezaliwa Algeria. Akoka aliingia utekani na klarineti yake. Walipowekwa kwenye uwanja wazi karibu na Nancy, wakingojea kupelekwa Ujerumani, Messiaen alimwandikia kipande cha klarineti peke yake, na hapohapo nje Akoka akakijaribu, Pasquier akimshikia karatasi kwa kukosa stendi. Messiaen mwenyewe alikuwa na begi la karatasi za muziki wa watunzi wengine, na alisimulia kwamba hata alipovuliwa nguo zote walipofika kambini alilikumbatia begi hilo kama mtoto. Kila mtu hapa ana kitu chake alichovuka nacho. Cheti, sufuria, albamu ya picha. Sioni ajabu.

Ndani ya kambi alikuwako mlinzi Mjerumani, Karl-Albert Brüll, mwanasheria kwa kazi yake, aliyejua Kifaransa. Huyu alimletea Messiaen karatasi, penseli na vifutio, akamtafutia mahali pa kukaa peke yake aandike. Nyuzi na mbao zilipatikana kidogokidogo. Mateka walichanga pesa, Pasquier akasindikizwa na walinzi mpaka dukani mjini Görlitz, akanunua selo. Fidla ikapatikana kwa ajili ya Jean Le Boulaire. Mwisho ikaja piano, ile ya kusimama wima inayoegemezwa ukutani, mbovu, sauti zake zimepotoka, na vibao vyake vingine ukivibonyeza vinabaki chini havirudi. Ndiyo vyombo vinne walivyokuwa navyo, na ndiyo sababu muziki wenyewe ni wa vyombo hivyo vinne. Mafundi wa muziki wanausifu mchanganyiko huo kama uamuzi wa kipekee wa msanii. Mie naona ni uamuzi wa mtu anayepika kwa kilichopo kwenye mgao.

Kazi ile inaitwa kwa Kifaransa *Quatuor pour la fin du Temps*, yaani muziki wa watu wanne kwa ajili ya mwisho wa Wakati. Ina sehemu nane. Chanzo chake ni Ufunuo sura ya kumi, pale malaika aliyevikwa wingu, upinde wa mvua juu ya kichwa chake, anasimama mguu mmoja baharini na mwingine nchi kavu, anainua mkono na kuapa kwamba wakati hautakuwapo tena. Hapa wachungaji wetu wanaweza kunisahihisha, lakini tafsiri nyingi za siku hizi hazisemi wakati utakwisha. Zinasema hakutakuwa na kukawia tena. Hebu fikiria tofauti hiyo kwa mtu anayesubiri. Mmoja anaahidiwa milele, mwingine anaahidiwa kwamba jina lake limetoka ubaoni. Messiaen alishika ile ya kwanza, na alikataa mtu aseme kwamba ni muziki wa kulilia utekwa. Alisema mwisho wa wakati ni mwisho wa wakati, wa watu wote, si siku ya kufunguliwa geti.

Sasa anafanyaje mtu kuumaliza wakati kwa piano? Hapa nikae kidogo, maana ndipo utamu ulipo.

Muziki mwingi tunaoujua unatembea. Rumba inatembea, kwaya inatembea, hata wimbo wa kilio una hatua zake: unajua pigo linalofuata liko wapi, na mwili unalisubiri. Messiaen aliliondoa hilo. Kwenye sehemu ya kwanza piano inazunguka mipango miwili kwa wakati mmoja. Mpango wa urefu wa mapigo una hatua 17, ukiisha unaanza upya. Mpango wa kodi una kodi 29, nao ukiisha unaanza upya. Chukua wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja, mmoja anahesabu mpaka 17, mwenzake mpaka 29, na hakuna anayemngoja mwingine. Wataanza pamoja tena lini? Baada ya mapigo 493. Na sehemu ile ni fupi, dakika tatu hivi, inakatika zamani kabla hawajakutana. Msikilizaji hawezi kuhesabu hayo, wala hatakiwi. Anachosikia ni kitu kinachojirudia ambacho hakirudii. Klarineti na fidla juu yake zinalia kama ndege wa alfajiri.

Halafu kuna sehemu ya tano na ya nane. Hizi ndizo watu wanazozikumbuka. Ya tano ni selo na piano tu, ya nane ni fidla na piano tu. Ameandika kwamba ya tano ichezwe polepole bila kikomo, na kazi ya piano ni kodi ileile, kodi ileile, tena, tena, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa na hataki kumwacha nyuma. Ya nane inafanana na mapigo ya moyo, na fidla inapanda, inapanda, mpaka noti ya juu kabisa, kisha kimya. Sehemu hizi mbili hakuzitunga kambini. Alizichukua kwenye kazi zake za zamani za miaka ya 1930 na kuzipanga upya. Wengine hawapendi kusikia hivyo, wanataka kila noti iwe imezaliwa nyuma ya waya. Lakini mtu akikimbia anabeba. Ya zamani yakipigwa mahali pengine yanakuwa mengine.

Banda namba 27 lilikuwa ukumbi wa michezo ya kambi. Tamasha lilikuwa na kadi yake ya tangazo, ikapigwa mhuri wa kambi kuonyesha kwamba imekaguliwa. Hata mwisho wa wakati unahitaji kibali! Maofisa wa Kijerumani walikaa mstari wa mbele. Nyuma yao mateka wamebanana, joto likiwa ni lile la miili yao wenyewe. Messiaen alisimama kwanza akawaeleza habari za malaika na upinde wa mvua, akaketi kwenye piano yake mbovu, amevaa sare ya kijani ya askari wa Czechoslovakia, imechanika, na viatu vya mbao. Muziki wote ni kama dakika hamsini.

Walisikia nini? Hapa ushahidi ni mdogo, na karibu wote umetoka kwa wapigaji, si kwa waliokaa kwenye mabenchi. Messiaen alisema hakuwahi kusikilizwa tena kwa umakini na uelewa wa namna ile, na kwamba mle ndani walichanganyika wakulima, vibarua, wasomi, madaktari, mapadri. Pasquier, mwenye hesabu yake ya mia nne, naye hakusema watu walichoka. Alikumbuka heshima, karibu ile ya kanisani, hata kwa watu ambao yawezekana walikuwa wanasikia muziki wa aina hiyo kwa mara ya kwanza maishani.

Mimi nina mashaka kidogo na umakini wa watu wote. Mia nne ni wengi. Lazima alikuwepo aliyefikiria supu tu. Lazima alikuwepo aliyeingia kwa sababu ndani kuna joto kuliko nje. Na pengine alikuwepo aliyekasirika kabisa, kwamba jamani, tumetoka kuponda mawe, mnatuletea hii? Sisemi hivyo kuwadharau. Nasema hivyo kwa sababu msikilizaji anayekubali kila kitu si mtu, ni pambo kwenye hadithi ya msanii. Yule aliyeingia kwa ajili ya joto, halafu sehemu ya tano ikamkuta hapohapo bila kutaka, huyo ndiye ningependa kumsikia. Huyo hakuhojiwa.

Mwaka jana niliuweka muziki huu kwenye spika ndogo, jioni, mbele ya nyumba, sehemu ya tano na ya nane. Sikutoa hotuba. Nilitaka kuona. Jirani yangu mmoja mama wa Fizi aliacha kuchambua maharage akasema, "Hii muziki iko ya kilio, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi iko ya mtu anangojea." Kijana wake akauliza besi iko wapi. Mzee wa Kirundi aliyekuwa anapita alisimama mpaka mwisho, akasema kwamba huyo wa piano anapiga kama mtu anayebisha hodi na anajua hakuna mtu ndani. Dada mmoja wa Kisomali akaomba tubadilishe, inamtia baridi. Na mgeni mmoja, mfanyakazi wa shirika aliyekuja kwa shughuli zake, alitabasamu akasema inatuliza sana, angependa kuitumia kwenye kikao cha watu wenye msongo.

Nimeifikiria sana hiyo "inatuliza". Haikuwa uongo, ndivyo masikio yake yalivyosikia. Lakini kati ya wote yeye peke yake ndiye aliyesikia utulivu. Wengine tulisikia mtu anayesubiri. Muziki wa polepole kwa mwenye siku iliyojaa ni mapumziko. Kwa mwenye siku tupu polepole si mapumziko hata kidogo, ni hali yenyewe.

Kwenye jambo la mstari wa mbele, kuna hadithi nyingine ya miaka ileile ambayo haiwezi kuachwa, ingawa ni nzito zaidi. Theresienstadt, mji wa ngome huko Czechoslovakia ambao Wanazi waliugeuza geto la Wayahudi. Mle pia kulikuwa na piano. Alice Herz-Sommer, mpiga piano wa Prague, alipelekwa huko mwaka 1943 na mumewe na mtoto wao mdogo, akapiga zaidi ya matamasha mia moja mbele ya wafungwa wenzake, mara nyingi Chopin. Yeye alikuja kusema kwamba muziki ulikuwa chakula chao. Lakini tarehe 23 Juni 1944 wakaja wasikilizaji wengine: ujumbe wa ukaguzi, maofisa wawili wa Denmark na Mswisi Maurice Rossel wa Msalaba Mwekundu. Kabla hawajafika, kuta zilipakwa rangi, bustani zikapandwa maua, na mwezi Mei watu kama 7,500 walisafirishwa kwenda Auschwitz ili mji usionekane umejaa. Wageni wakaonyeshwa watoto wakiimba opera yao, *Brundibár*. Rossel akaandika ripoti nzuri. Vuli ile wengi wa watoto wale walipelekwa Auschwitz.

Muziki ulikuwa uleule, wa watu walewale, na ulikuwa wa kweli. Waliokaa nyuma ulikuwa chakula chao, na waliokaa mbele ulikuwa ushahidi kwamba chakula kipo. Siwezi kuuona mstari wa mbele wa banda namba 27 bila kukumbuka hilo. Na ndiyo maana ngoma zetu zinapoitwa kila anapokuja mgeni mkubwa huwa nauliza nani amepangwa kukaa wapi. Wananiona mkorofi.

Turudi kwenye hesabu, maana haikuishia kwa watu. Messiaen alisema pia selo ya Pasquier ilikuwa na nyuzi tatu badala ya nne. Ni jambo zuri la kusimulia: kambi, njaa, selo ina nyuzi tatu. Limeandikwa kwenye vitabu na kwenye makava ya rekodi. Pasquier alikana mpaka uzeeni. Nyuzi zilikuwa nne, alisema, na muziki wenyewe haupigiki kwa tatu. Mtafiti Mmarekani, Rebecca Rischin, aliyewafuata manusura na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2003, alilichunguza na kumpa Pasquier haki yake. Inasemekana Messiaen aliambiwa mara nyingi na rafiki yake huyo, na bado akaendelea na tatu.

Alikuwa mwongo? Wasomaji wa gazeti hili wengi wamekaa kwenye kiti cha mahojiano. Unaulizwa siku gani, saa ngapi, wangapi, walivaa nini. Miaka minne baadaye unaulizwa tena na mtu mwingine. Ukisema watano mara ya kwanza na wanane mara ya pili, faili lako linawekwa pembeni. Namjua mtu ambaye kesi yake ilikwama kwa sababu ya mto: alisema mara moja alivuka usiku, mara nyingine alfajiri. Aliyevuka mto ule anajua kwamba usiku na alfajiri vilikuwa kitu kimoja. Kwa Messiaen tofauti ya watu elfu nne na mia sita haikumgharimu chochote. Aliheshimiwa, alifundisha kwenye chuo kikuu cha muziki cha Paris, alipewa nishani. Sisemi angeadhibiwa. Nasema mtu aliyekuwa na njaa kiasi cha kuota ndoto za rangi, ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na aliyetazama nyuso zote zile kutoka kwenye kiti cha piano, akaona elfu tano, sishangai. Pasquier alikuwa akitazama nyuzi zake, na nyuzi alizihesabu vizuri. Wote wawili wangeweza kuhojiwa kwa haki na wakatoa majibu mawili.

Yaliyofuata baada ya tamasha yanasimuliwa mara chache kuliko tamasha lenyewe. Majuma machache tu baadaye, mwaka huohuo wa 1941, ilipangwa wanamuziki warudishwe Ufaransa. Brüll alisaidia kwenye karatasi za kughushi, na inasimuliwa kwamba mhuri mmoja ulichongwa kwa kiazi. Messiaen na Pasquier wakaondoka. Akoka naye alikuwa anapanda gari, ofisa akamshusha: Myahudi. Fikiria mtu yule aliyepuliza klarineti peke yake kwa dakika nyingi mbele ya maofisa haohao, nao wakakaa kimya kumsikiliza. Sikio lilimkubali jioni ile, orodha ikamkataa. Akoka hakungoja. Aprili 1941, akihamishwa na wengine, aliruka kutoka kwenye treni inayokwenda, klarineti kwapani, akafika Ufaransa ya kusini ambayo Wajerumani hawakuwa wameikalia bado. Alinusurika vita.

Le Boulaire alibaki kambini, akatoka baadaye kwa karatasi za aina ileile. Fidla aliiacha, akawa mwigizaji wa filamu na michezo kwa jina la Jean Lanier. Uzeeni Rischin alipomfuata alisema muziki ule ni kito chake yeye, ambacho hakitakuwa cha mtu mwingine yeyote. Aliyeacha kupiga ndiye anayesema hivyo.

Na Brüll? Kambini alikuwa akiwashauri mateka wa Kiyahudi wasitoroke, kwa sababu alijua kwamba chini ya sare ya mateka wako salama kuliko uraiani katika Ufaransa ya Vichy. Baada ya vita alikwenda Paris, akafika nyumbani kwa Messiaen, akauliza. Mlinzi wa mlango akapeleka habari ndani, akarudi na jibu kwamba bwana hataki kuonana naye. Brüll akaondoka. Miaka ikapita, Messiaen akamtafuta kwa kutuma ujumbe. Akaambiwa amekufa, aligongwa na gari.

Nimejaribu kuelewa ule mlango. Pengine Messiaen hakutaka kukumbuka. Wapo kati yetu wasiotaka kukutana na mtu yeyote wa siku zile, hata aliyewaficha chini ya kitanda, maana uso wake unakuja na mengine yote. Pengine ujumbe ulifika vibaya. Vyovyote vile, kati ya wasikilizaji wote wa jioni ile, huyu ndiye tunayemjua kwa jina na aliyetembea mbali kurudi kwa mpiga piano, akaishia kwa mlinzi.

Mahali penyewe sasa ni miti, upande wa Poland, na kila tarehe 15 Januari watu hukusanyika huko kuupiga muziki huo tena. Anayetaka kuusikia hapa, njia nafuu ni kuomba mtu mwenye bando aushushe mara moja na kugawa kwa Bluetooth. Usianze na mwanzo, utakata tamaa. Anza na sehemu ya tano, dakika kama nane, halafu ya nane. Kisha rudi kwenye ya tatu, ile ya klarineti peke yake, na ukumbuke gari lile. Chaji simu kwanza, maana ikizimika katikati ya ya tano inaudhi kweli.